Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Nyuki Duniani, Tororo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi, wanafunzi, mabibi na mabwana, tunawakaribisha kwa moyo mkunjufu.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache waliopanda miti nyuma ya madarasa, na leo sifa zake zimeenea hata wakulima wa jirani huja kuwauliza watoto habari za wadudu. Siku hii, ambayo mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliamua iadhimishwe kila tarehe 20 Mei, sisi tumeitumia pia kuwajulisha watoto nzi wa maua, mdudu ambaye kwa kazi ya kuchavusha huhesabiwa wa pili baada ya nyuki, ingawa wengi wetu humuua tukidhani ni nyigu.

Mheshimiwa, watoto wetu hawadanganyiki tena. Wanajua kwamba nzi huyu, pamoja na milia yake ya manjano na nyeusi, hana mwiba. Kwamba ana mabawa mawili ilhali nyuki ana manne. Na kwamba anaweza kusimama hewani pasipo kusogea kabla ya kutua kwenye ua la mwembe au la alizeti. Fahari yetu kubwa zaidi ni tuta la sukuma wiki ambalo hatukulipulizia dawa. Hapo watoto waliona, kwa kioo cha kukuzia, buu asiye na miguu wa nzi huyo akimnyanyua kidukari, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mboga, kutoka kwenye jani na kumfyonza mpaka likabaki ganda tupu. Buu mmoja aweza kumaliza mamia ya vidukari kabla ya kukomaa, na mzazi aliyeshuhudia hayo hajanunua dawa ya kupulizia mboga tangu siku hiyo.

Hata hivyo, Mheshimiwa, lililo mioyoni mwetu leo ni uzio. Nzi wengi wa maua wana midomo mifupi, hivyo hupenda maua madogo yaliyo wazi, kama ya dania na karoti zilizoachwa zichanue. Tulivipanda vyote viwili. Wiki ile ile dania ilipoanza kutoa maua meupe, mbuzi waliingia usiku, na asubuhi watoto walikuta visiki vya mashina. Tulipanda upya, nao wakarudi. Tulizungushia matawi ya miiba, yakageuka kuni za watu. Wafugaji hatuwalaumu, kwa kuwa njia ya kisimani inapita kando ya bustani. Lakini nzi jike huhitaji chavua ili mayai yake yakomae; maua yakiliwa, mabuu wa kulinda mboga hawatapatikana, na somo letu litabaki michoro ya ubaoni.

Kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi nguzo na wavu wa waya mbele ya wazazi hawa hawa, tukampigia vigelegele, na watoto wakachimba mashimo juma lililofuata. Mashimo hayo yalijaa maji ya mvua hadi tukalazimika kuyafukia, tukihofia watoto wadogo wasije wakatumbukia. Mgeni wa mwaka jana alituomba tusubiri bajeti isomwe. Bajeti ilisomwa, na tunaendelea kusubiri. Hatusemi haya ili kumvunjia mtu heshima, bali kwa sababu waliochimba mashimo yale sasa wako darasa la sita, wanauliza nguzo ziko wapi, na walimu wao hawana jibu.

Tunakuomba basi, Mheshimiwa, utusaidie kupata wavu wa waya, nguzo, na lango moja lenye kufuli. Wazazi wamekubali kuleta mchanga na kokoto, na fundi miongoni mwao atafanya kazi bila malipo. Iwapo leo haitawezekana kutoa vifaa hivyo, tunakusihi utuandikie kwa mkono wako, katika kitabu cha wageni kilicho mezani mbele yako, tarehe ambayo vitafika, ili watoto wajue siku ya kuanza kuchimba tena.

Tunaomba kuwasilisha.

Kwa ajili ya Mungu na Nchi Yangu.

Katibu, Klabu ya Mazingira