Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Shule na Kufungua Bweni

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Leo, Novemba 30, ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na wiki hii tunafunga shule. Wanenu wanakuja na ripoti zao. Kaeni nao mzisome pamoja kabla ya kuuliza ameshika namba ngapi.

Tukifungua Januari, shule yetu ya parokia haitakuwa tena ya kutwa tu. Bweni la wasichana limekwisha kuezekwa na vitanda vimeingia. Kwa miaka mingi nimewapokea langoni mabinti waliovuka korongo kungali giza, sketi zimelowa hadi magotini. Wengine, na umri wao miaka 14, wamepanga vyumba mtaani, wanapika wenyewe, hawana mtu mzima wa kuwauliza jana ulilala saa ngapi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Baadhi yenu mmeniuliza kanisa linatafuta nini kwenye mabweni. Nitawajibu kwa habari ya Kiungani, shule ya zamani ya misheni huko Zanzibar. Mwaka 1864 Askofu William Tozer na Dk. Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Zanzibar, na Sultani Majid akawakabidhi wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wao wa kwanza. Hapakuwa na fomu ya kujiunga wala kikao cha wazazi. Palikuwa na watoto wanaohitaji pa kulala. Baadaye, huko Kiungani, nje kidogo ya mji, shule ya wavulana ikapewa jina la Mtakatifu Andrea. Waliletwa Wayao, Wamakua na wengine wengi, Kiswahili kikawaunganisha. Vijana wa misheni walifundishwa hata kazi ya kupiga chapa. John Swedi, mmoja wa wale watano, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyetolewa utumwani akasomea Kiungani, alipata upadri mwaka 1890.

Kila nikiikumbuka habari hiyo, kinachoniuma ni kwamba watoto wale hawakuwa na kwao pa kwenda likizo. Misheni iliwalea kwa kuwa waliowazaa walikuwa mbali, au hawajulikani walipo. Wanenu wana kwao. Bweni hili lisiwatenge nao.

Katika shule moja niliyofundisha zamani, nilimwona msichana amekaa karibu na geti siku ya kutembelewa, sare kaipiga pasi, tangu asubuhi hadi kengele ya jioni. Hakuna aliyekuja. Kwetu siku hiyo itakuwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada. Njoo hata mikono mitupu. Ukishindwa, mpigie matroni, mwanao ataitwa aongee nawe.

Wa bweni aje na godoro, shuka mbili, chandarua, ndoo yenye mfuniko na tranka lenye kufuli. Mzazi au mlezi afike mwenyewe kumwandikisha. Mtoto aliyepandishwa basi peke yake tutampa chakula na pa kulala, lakini nitakupigia simu uje siku inayofuata.

Wa kutwa wataendelea kama kawaida, na uji wa saa nne upo.

Wenu katika Kristo,

Mkuu wa Shule