Barua kwa mdogo wangu, polisi anayehamishiwa Mandera

Mdogo wangu,

Tangu jana usiku uliponitumia picha ya barua yako ya uhamisho sijapata usingizi. Mandera, kule kaskazini-mashariki mwa Kenya, mpakani na Somalia. Mama bado hajaambiwa, na nakuomba umwambie mwenyewe, usimwachie mjomba.

Najua kinachokutia hofu, maana nami ndicho kinachonitia hofu. Novemba 2014 al-Shabaab, wale magaidi wa Somalia, walisimamisha basi lililotoka Mandera kuja Nairobi, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Wenye majina kama yetu wangewekwa upande gani, hatuna haja ya kuambiana.

Lakini kuna basi jingine, na hilo ndilo ninalotaka uende nalo kichwani. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria waliamriwa wajitenge vivyo hivyo, na Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavika wenzao hijabu humo humo ndani ya basi. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu huko Mandera, alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata akitibiwa Nairobi. Abiria wale hawakuwa na bunduki, wala hakuna afande aliyewapa amri.

Sasa nikueleze niliyoyaona mimi. Aprili 2014 nilikuwa nimepanga chumba Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi hapa Nairobi. Ukaja ule msako wa polisi wa kutafuta magaidi, Usalama Watch: watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahabusu. Chini ya ghorofa yetu palikuwa na mama aliyetuuzia anjera na chai ya maziwa. Askari walikuja saa nane usiku. Akatoa kitambulisho chake, cha Kenya, plastiki imebanduka pembeni kwa kukaa sana kwenye mkoba. Askari akakimulika kwa tochi, akakitia mfukoni mwake, akamwambia apande lori. Alirudi siku ya nne, bila kitambulisho na bila pesa za mauzo. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyemjua kila mgeni wa jengo lile: nani kahamia juzi, nani hutoka usiku, nani hana kazi lakini hakosi hela. Baada ya hapo ukimuuliza lolote anageuza anjera tu na kusema, "Mimi sioni kitu."

Huyo ndiye tuliyempoteza, na sidhani kuna ofisi yoyote iliyomhesabu.

Mwaka uliofuata likaja shambulio la al-Shabaab huko Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu, alfajiri. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa washambuliaji alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa huko huko Mandera unakokwenda. Na babake alikuwa ametangulia kuripoti kwamba kijana wake ametoweka. Miaka yote hii jambo hilo halijanitoka. Mzee alibeba aibu yake na hofu yake akaenda kulitaja jina la mwanawe kwa serikali. Baada ya maafa ikaja kafyu, jioni hadi asubuhi, kwa kaunti nzima nzima, na akina baba kama yeye wakafungiwa ndani pamoja na wengine wote.

Sikuambii uwe mpole kwa magaidi. Wakikujia, pigana urudi nyumbani. Ila siku nyingi hazitakuwa za risasi, zitakuwa za kusimama kwenye kizuizi juani na kukagua magari. Jifunze salamu za Kisomali mapema. Chai kunywa kibandani, na ulipe. Ukishika kitambulisho cha mtu, kirudishe mkononi mwake.

Na ipo siku atakuja mzee kituoni, atakaa kwenye benchi la nje muda mrefu kabla ya kuingia, na hatakuwa amekuja kwa habari ya mbuzi walioibwa. Usimweke ndani. Usimfokee mbele ya watu. Mpe kiti, funga mlango, andika jina la mwanawe kama anavyolitamka yeye, na siku hiyo hiyo ulifuatilie.

Dada yako