Semina ya walimu wakuu wapya wa vijijini
Habari za jioni walimu, Jumamosi ni saa tatu kamili kituo cha walimu, sio ile saa tatu yenu ya saa tano. Kila mtu aje na daftari la mapato na matumizi maana tutakaa sana kwenye hela ya elimu bila ada, ile elfu 10 ya mtoto wa msingi kwa mwaka, elfu 6 ndo inakuja shuleni, sasa ukiwa na watoto 200 ni milioni 1.2 na chaki, mitihani, ukarabati vyote humo humo. Waliopita ADEM Bagamoyo, kile chuo cha uongozi wa elimu, watusaidie hapo. Mchana tunaongelea wazazi: usianze na michango ya uji, anza na mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule, wengi wanakwamia hapo. Nauli itarudishwa, risiti ya boda andikeni tu kwenye karatasi 😅