Msiichane picha ya gari iliyo ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyeandika juma lililopita akiwataka wazazi wachane picha za magari ya kifahari ya mbio ambazo vijana hubandika kwenye kuta za vyumba vyao, kwa hoja kwamba ndoto ya kumiliki Ferrari au Lamborghini huzaa tamaa, na tamaa huzaa wizi. Nimekuwa fundi wa magari kwa miaka mingi na sasa nafundisha ufundi huo chuoni, kwa hiyo vijana anaowazungumzia nashinda nao kuanzia asubuhi hadi jioni. Hofu yake naielewa. Dawa yake ndiyo nisiyoikubali, maana kijana akichaniwa picha haachi kuota. Anaacha tu kumweleza mzazi wake anachokiota.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wanafunzi wawili wa darasa moja waliobandika picha ileile ya Lamborghini ndani ya vifuniko vya masanduku yao ya spana. Mmoja aliniuliza kwa nini injini imewekwa nyuma ya dereva badala ya mbele, na nilipomjibu kwamba uzito ukikaa karibu na katikati ya gari, gari hugeuka kwa wepesi zaidi kwenye kona, alirudi kesho yake na swali jingine, na keshokutwa na jingine, mpaka nikalazimika kusoma upya mambo niliyodhani nayajua. Wa pili hakuwahi kuniuliza habari za injini hata siku moja. Alichokitaka ni milango inayofunguka kwenda juu, rangi, mngurumo, na kujua watu watasema nini gari kama lile likisimama mbele yao. Huyu nilimhesabu kuwa kijana aliyepotea. Nilikosea, nami nitaeleza kosa langu mbele kidogo.

Kabla ya hapo, tuseme ukweli wa hesabu, kwa kuwa huo ndio ukweli ambao vijana wanafichwa na pande zote mbili, yaani na wanaowakataza kuota na wanaowauzia ndoto. Tuchukue gari ambalo bei yake ni sawa na mshahara wote ambao mtu huupata kwa miaka 15, ingawa kwa watu walio wengi duniani magari haya yanazidi hapo kwa mbali sana. Mtu huyo akiweka kando sehemu moja kati ya tano ya mshahara wake kila mwezi bila kukosa, na akiba ikalala tu bila kuzaa, atahitaji miaka 75 ndipo alipate gari lake. Akiiwekeza akiba hiyo mahali inapokua kwa asilimia 7 kila mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kiwango ambacho si chepesi kukipata mwaka hadi mwaka, muda huo hupungua hadi kufikia kama miaka 27. Hesabu hii nimeiandika ubaoni mara nyingi na kila mara darasa hunyamaza, kisha anajitokeza mmoja na kuuliza: basi hao wanaoyanunua, wanayanunua kwa fedha gani?

Swali hilo ndilo ninalolingojea siku zote, kwa sababu lina thamani kuliko hesabu yenyewe. Kwa kawaida magari haya hayanunuliwi kwa mshahara. Hununuliwa na mtu mwenye biashara au hisa, yaani mwenye kitu kinachomwingizia fedha hata akiwa amelala, au na aliyerithi, au na wale wachache mno ambao vipaji vyao vya michezo na muziki vimelipwa fedha nyingi katika muda mfupi. Kijana akilielewa hili mapema, huacha kuuliza ni kazi gani yenye mshahara mkubwa na huanza kuuliza ni ujuzi gani unaoweza siku moja kusimama kama biashara yake mwenyewe. Mabadiliko hayo ya swali nimeyaona yakiwafaa hata wale ambao baada ya miaka michache hawakulitaka tena gari lenyewe.

Tena kulinunua ni mwanzo tu wa gharama, na hapa nazungumza kama fundi. Ferrari F355, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990, ina mikanda ya injini inayopaswa kubadilishwa kila baada ya miaka michache hata kama gari limeshinda gereji bila kutembea, na ili mikanda hiyo ifikiwe ni lazima injini nzima iteremshwe kutoka kwenye gari. Bugatti Veyron, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005 ikiwa na uwezo wa kufikia kilomita 407 kwa saa, ikiendeshwa kwa kasi hiyo humaliza tangi lake la lita 100 katika muda wa dakika 12 hivi. Bima, matairi na diski za breki navyo hufuata bei ya gari, bila kujali mfuko wa mwenye gari. Mtu anayenunua gari la namna hii likiwa kuukuu kwa sababu bei yake imeshuka hugundua kwamba spea hazikushuka pamoja nayo. Yapo pia magari ambayo fedha peke yake haziyapati: LaFerrari ilipotolewa mwaka 2013, yalitengenezwa 499 ya paa gumu kwa ajili ya wateja waliochaguliwa na kampuni yenyewe kati ya wale iliyokwisha kuwajua.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba sasa nakubaliana naye. La. Hesabu hizi hazinifanyi nichane picha. Zinanifanya nimgeuzie kijana picha upande wa pili, aone ni nani walioyatengeneza magari hayo na walitokea wapi. Ferruccio Lamborghini, ambaye jina lake limo midomoni mwa kila mtoto, alianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kuunganisha matrekta kutokana na vipuri vya magari ya kijeshi yaliyoachwa, akaanzisha kampuni ya matrekta mwaka 1948, na hakufungua kiwanda cha magari ya kifahari hadi mwaka 1963. Kwa miaka 15 aliwauzia wakulima kitu walichokihitaji. Nawaomba vijana waitazame miaka hiyo 15, kwa kuwa hakuna anayeibandika ukutani. (Naye mwenyewe, katika miaka ya 1970, aliuza hisa zake zote za kiwanda akaenda kulima mizabibu.)

Horacio Pagani alizaliwa Argentina mwaka 1955, mtoto wa mwoka mikate, na akiwa mdogo alichonga magari ya mbao kwa mikono yake. Alihamia Italia mwaka 1983, akaingia Lamborghini kwa kazi ya chini, akajifunza kuunda mabodi kwa nyuzi za kaboni (nyuzi nyepesi na imara zinazogandishwa kwa gundi na joto) wakati ambapo wengi hawakuona faida yake, na wakubwa wake walipokataa kununua tanuri maalumu la kuokea nyuzi hizo alikopa fedha akanunua la kwake. Gari lake la kwanza, Zonda, lilionyeshwa Geneva mwaka 1999. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban nchini Afrika Kusini, alisomea uhandisi wa mitambo huko, akajiundia gari lake dogo la mashindano, akasafiri kwenda Uingereza mwaka 1969 kutafuta kazi, na hatimaye akabuni McLaren F1, gari ambalo dereva huketi katikati na abiria wawili ubavuni mwake. Yalitengenezwa 106 tu, na mwaka 1998 moja lilifikia kilomita 386 kwa saa. Wa karibuni zaidi ni Mate Rimac, aliyezaliwa Bosnia mwaka 1988, ambaye injini ya BMW yake kuukuu ilikufa katika mashindano naye akaamua kuiwekea mota ya umeme. Kampuni aliyoianzisha mwaka 2009 iliishi kwa kutengenezea kampuni nyingine za magari betri na mifumo ya umeme, na mwaka 2021 Bugatti yenyewe ikawekwa chini ya kampuni ya pamoja anayoiongoza.

Sisemi kwamba kila kijana atakuwa Pagani. Kwa kila mmoja aliyefika wapo wengi ambao majina yao hatuyajui, na mwalimu anayewaficha wanafunzi jambo hilo anawadanganya. Ila mtu aliyejifunza kuunda nyuzi za kaboni, kuchomelea aluminiamu au kuandika programu za kuendeshea injini na betri, akikosa gari la ndoto yake bado anabaki na kazi mkononi, kwa sababu ujuzi uleule hutumika katika ndege, boti, mabasi na vifaa vya hospitali.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa mtu ambaye hakuanzisha kampuni yoyote ya magari hayo. Valentino Balboni aliingia katika kiwanda cha Lamborghini mwaka 1968 akiwa mwanagenzi wa ufundi, na mwaka 1973 akawa dereva wa majaribio. Kwa miongo kadhaa kazi yake ilikuwa kuyaendesha magari kabla hayajafika kwa wanunuzi, ayasikilize, kisha arudi kuwaeleza wahandisi kasoro zake. Mwaka 2009 kiwanda kilitoa toleo maalumu la gari lake liitwalo Gallardo, likapewa jina la Balboni. Matajiri waliokuwa wakilipia magari hayo waliyapokea yakiwa tayari yameonjwa na kijana aliyeanza kwa kushika spana. Nikimsimulia mwanafunzi habari hii namtazama usoni: akichangamka, najua kwamba anachokitaka ni gari, na njia zake ni nyingi; akinywea, najua kwamba anachokitaka ni kuonekana nalo, na hapo ndipo tunapohitaji kukaa chini na kuzungumza kwa utaratibu.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu wa pili. Katika mwaka wake wa pili wa mafunzo aliacha chuo akamfuata mtu aliyekuwa akijipiga picha kando ya magari ya kifahari na kuwauzia vijana mafunzo ya kutajirika kwa kubadilisha fedha za kigeni mtandaoni. Ada alilipa kwa fedha ya kukopa. Baadaye iligundulika kwamba magari yale yalikuwa ya kukodi kwa saa, na kwamba utajiri wa mtu yule ulitokana na ada za wanafunzi kuliko biashara aliyokuwa akiifundisha. Ningependa kila kijana ajiulize swali moja dogo anapoona tangazo la namna hiyo: mtu huyu anaishi kwa kile anachonifundisha, au anaishi kwa kunifundisha? Kamari ya mpira ni ya ukoo huohuo wa ndoto za utajiri wa haraka, na mkopo wa kununulia gari la kuonekana nalo hauko mbali sana na ukoo huo, kwa kuwa magari mengi hushuka thamani wakati deni linaendelea kudai riba.

Kijana yule alirudi chuoni kwa aibu, akamaliza, na hakuwa fundi mzuri. Nami nilikuwa nimekwisha kumkatia tamaa hadi siku nilipomwona akimweleza mteja wa karakana yetu kwa nini asinunue gari fulani. Alikuwa akimsoma yule mteja usoni kama mimi ninavyosoma moshi wa injini. Kile nilichokiita upuuzi, yaani kujua watu wanatamani nini na wanataka kuonekanaje, kilikuwa kipaji, na leo anaishi kwa kuuza magari, na wateja humfuata kwa sababu huwaambia kasoro za gari kabla hawajaziuliza. Hana Lamborghini. Sijamuuliza kama bado anaitaka.

Kwa hiyo rai yangu kwa wazazi ni kwamba waketi chini ya picha hiyo pamoja na mtoto na kumuuliza: ukipewa gari hili leo, saa ya kwanza utafanya nini nalo? Wapo watakaosema watalifungua injini, wapo watakaolichora upya, wapo watakaolipeleka uwanjani kushindana, na wapo watakaolipitisha mbele ya nyumba ya mtu aliyewadharau. Kila jibu kati ya hayo lina kazi yake ya kulifuata, isipokuwa la mwisho, ambalo mzazi anapaswa kulisikiliza kwa makini zaidi kuliko yote, maana hapo mtoto anakuwa hazungumzii gari tena.

Nawe, Ndugu Mhariri, nina ombi. Kurasa zako za vijana hutuonyesha mara kwa mara magari ya watu mashuhuri pamoja na bei zake. Siku utakapochapisha tena picha ya namna hiyo, tafadhali ongeza chini yake mistari michache inayoeleza ni nani huunda bodi lake, nani huandika programu za giaboksi yake, nani hulijaribu barabarani, na kila mmoja wao alisomea nini na kwa miaka mingapi. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuiandika mistari hiyo, darasa langu zima litajitolea.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa ufundi wa magari