Fotei za wazee wetu msiziuze bei ya kuni

Bwana Mhariri,

Salamu toka Katuba, Lubumbashi. Najua gazeti lenu lina habari kubwa za umeme, barabara na bei ya unga, lakini na mimi nina yangu juu ya fotei, viti vya saloni vyenye mikono, zile za mbao za zamani, maana zinatoka mu manyumba yetu kila siku na sioni mtu anasema kitu.

Nkambo yangu (babu) alifanya kazi Union Minière, pale kunayeyushwa shaba, chini ya lile bomba refu la moshi kila mtu wa Lubumbashi analijua. 1960, mwaka wa uhuru, wazungu wakiwa wanafunga mizigo, mmoja akamuuzia fotei mbili za saloni. Miguu imepanuka kama ndama anajifunza kusimama, mgongo umelala nyuma, na mikono ya mbao imepinda kidogo kule mbele pale kiganja kinatulia. Nkambo alikuwa anaweka redio mkono wa kuume, kikombe mkono wa kushoto, na sisi batoto chini kwenye saruji, tunanyamaza mpaka habari ziishe.

Ule mtindo ulishika dunia miaka ile ya 1950. Vita vilikuwa vimekwisha, manyumba ya Ulaya madogo, watu wakachoka na mafotei mazito ya mababu yenye kujazwa manyoya ya farasi. Denmark kulikuwa na wachoraji wa viti Hans Wegner na Finn Juhl, hao waliacha mbao yenyewe ionekane, hawakuificha na vitambaa. Marekani Charles Eames na mke wake Ray walijifunza kukunja plaiwudi wakati wa vita, walikuwa wanatengenezea jeshi la majini vigango vya kufungia miguu iliyovunjika, na ujuzi uleule njo ukazaa ile fotei yao ya plaiwudi na ngozi ya 1956, kampuni ya Herman Miller inaiuza mpaka leo. Italia nako, 1951, Marco Zanuso akatoa fotei inaitwa Lady, ndani springi hakuna, ni mikanda ya mpira ya Pirelli, kampuni ya matairi. Niliposoma hiyo nilifurahi sana juu meniziye (seremala) wetu wa Katuba anakata mpira wa ndani ya tairi vipande virefu anavifuma chini ya kiti, ni akili ileile, na hakuna mtu alimfundisha.

Sasa sikieni yaliyonipata. Mwaka jana mikanda ya fotei moja ilikatika, nikaipeleka kwa atelie moja ya mafundi viti hapa mjini, nikasema mikanda tu, msiguse kingine. Nimerudi nakuta wamekata mikono yote miwili, wamejaza sponji, wamevika kitambaa chekundu cha kung'aa na vifungo vya dhahabu, ati mama tumeipa sura mpya. Nikauliza mikono iko wapi. Kijana akanionyesha majivu, walikuwa wameshaipikia bukari (ugali). Nilikaa chini palepale, miguu ilikataa kunibeba.

Ile ya pili sitoi tena nyumbani. Mzee mmoja fundi alikuja kuiangalia, akaigeuza, akalowesha kidole na mate akasugua mbao kwa chini, akasema hii ni mulombwa (Tanzania wanaita mninga, ule mti ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu). Akanionyesha ulimi wa mbao unaingia mu tundu, msumari hata mmoja hakuna, na miaka yote hiyo haijalegea. Makochi mapya tunayonunua kwa deni, sponji inabonyea haraka, mwezi wa kumi na joto lile yanakuchoma mgongo, na saloni inajaa mpaka unapita kiubavu.

Na tena kuna wanaopita mlangoni wanauliza mama hauna viti vya zamani? Kwangu mmoja alitaka kunipa bei ya kuni. Kule India, mji wa Chandigarh, Pierre Jeanneret, binamu ya Le Corbusier yule mchoraji wa majengo, alichora viti vya mbao za msaji kwa ajili ya maofisi, miaka hiyohiyo ya 1950. Baadaye vikachakaa vikarundikwa nje, vikauzwa kama takataka, wanunuzi wa Ulaya wakavibeba, leo kwenye minada kimoja kinafika maelfu ya dola. Wenyewe wanashtuka mali imekwisha kwenda. Na sisi tunangoja nini?

Bwana Mhariri, naomba mtume mwandishi kwa mafundi wazee wa Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, waeleze walivyokuwa wanafanya, maana wanakwisha mmoja mmoja. Na kama kuna msomaji anajua meniziye anayeweza kuchonga mikono miwili kwa kupimia ile fotei iliyobaki, aandike kwenu nitaona. Ubao wa mulombwa nilishapata, uko chini ya kitanda unakauka.

Mama msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi