Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa wa Sonona Asiachwe Amtafute Daktari kwa Kuulizia

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Yah: Njia ya mgonjwa wa sonona kumfikia daktari bingwa wa magonjwa ya akili

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya magharibi mwa nchi yetu. Nakuandikia kuhusu sonona, maradhi ya akili yaliyomdhoofisha mume wangu kwa miezi tisa kabla hatujaambiwa yanaitwaje, na nakuandikia hadharani kwa kuwa zipo nyumba ambazo hivi sasa zimo katika miezi yao tisa na hazijui ziende wapi.

Mume wangu ni fundi seremala. Alianza kwa kukosa usingizi: analala saa nne, saa nane yuko macho, na kuanzia hapo hadi alfajiri anatazama kenchi. Kisha kikaja kichwa kuuma, kifua kubana, na chakula kupoteza ladha. Kila tulipokwenda kutibiwa alieleza mwili, kwa sababu mwili ndio aliousikia ukiuma, na waliotupokea wakapima kile walichokuwa na kipimo chake. Alipimwa malaria mara nne na taifodi mara mbili, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, kisha vidonge vya kuongeza damu. Ndugu nao walikuwa na majibu yao. Wapo waliosema amerogwa kwa ajili ya kazi ya madawati aliyoipata, na wapo waliosema mwanamume hakai ndani mchana. Mimi mwenyewe, na hili linaniuma mpaka leo, nilimwambia ajikaze.

Kwetu mambo haya yote huitwa mawazo: aliyekosa ada ana mawazo, aliyefiwa ana mawazo, na anayeshindwa kuinuka kitandani wiki ya sita naye ana mawazo, hivyo wote huambiwa yatapita. Sikujua kwamba huzuni ya kufiwa humwachia mtu nafasi ya kucheka akitembelewa, ilhali sonona hukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili na zaidi, na huondoa hamu ya vitu ambavyo mtu alivipenda. Randa ya mume wangu ilikaa juu ya meza ya karakana pale pale alipoiacha mwezi Machi, ikashika kutu. Angekuwa mvivu, kama walivyosema, asingekuwa analia kwa kuitazama.

Aliyetufumbua macho alikuwa muuguzi mmoja, tena baada ya saa zake za kazi, aliyeniambia taratibu kwamba huyu anahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Hapo ndipo ulipoanza mzigo wa pili ambao, Mheshimiwa Waziri, ndio hasa ulionifanya nikuandikie. Nilitumia wiki tatu kuuliza daktari huyo yuko wapi. Hospitali moja walidhani yupo hospitali nyingine, na huko wakasema alihamishwa. Hakuna aliyeweza kunitajia mji, siku ya kliniki wala gharama. Mwisho tulipanda treni ya reli ya kati hadi Dodoma, kwa sababu jina pekee ambalo kila mtu alilijua lilikuwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu mwaka 1927. Nawe unajua jinsi jina hilo linavyotumika mitaani kumtukana mtu. Mume wangu alikubali kusafiri kwa sharti kwamba majirani waambiwe tunakwenda kutibu kifua.

Daktari alizungumza naye karibu saa nzima. Alimuuliza ni lini mara ya mwisho alifurahia kazi yake, na akamuuliza, waziwazi na kwa upole, kama amewahi kutamani kufa. Mume wangu alijibu ndiyo. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miezi yote hiyo na mimi sikulijua. Aliandikiwa fluoksetini, nami nikaagizwa niitunze mwenyewe, nisichoke kabla ya wiki kadhaa kupita kwa kuwa dawa hii haileti nafuu siku hiyo hiyo, na asiiache kwa uamuzi wake mara atakapojisikia vizuri. Alipewa pia mazungumzo ya tiba. Wiki ya tano alichukua msasa akaisugua randa. Lakini dawa ilipoisha, dirisha la dawa la wilayani kwetu halikuwa nayo, na nauli ya watu wawili kurudi Dodoma kila mwezi, pamoja na gesti, inazidi uwezo wa mshahara wangu.

Najua kwamba madaktari bingwa wa fani hii ni wachache mno na wengi wao wako mijini, wala siombi mmoja kwa kila wilaya kesho asubuhi. Ninachoomba ni mgonjwa aonyeshwe njia. Yapo maswali tisa ya kupima sonona, yameshatafsiriwa kwa Kiswahili, na tabibu wa zahanati akifundishwa anaweza kuyauliza kwa dakika chache. Mgonjwa akionekana anahitaji rufaa, tabibu huyo awe na orodha iliyobandikwa ukutani inayoonyesha bingwa wa karibu yuko hospitali gani na huona wagonjwa siku gani, na orodha hiyo hiyo ipatikane kwa anayepiga namba 199 ya Wizara yako. Dawa za sonona zifike hospitali za wilaya bila kukatika kama zinavyofika za presha, kwani mgonjwa anayerudi nyumbani mikono mitupu hurudi pia alikotoka. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, naomba huduma hizi, zikiwemo za mazungumzo, zihesabiwe kuwa za msingi.

Lipo jambo moja ambalo si la Wizara yako peke yake. Sheria ya Kanuni za Adhabu inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mume wangu ameniambia kwamba lile jibu la ndiyo alilolitoa Dodoma asingelitoa wilayani, kwa kuogopa polisi. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo nchini mwao kinakwenda kinyume na Katiba. Nakuomba ulizungumze na mwenzako wa Katiba na Sheria, ukimweleza kwamba swali la daktari halijibiki kwa ukweli ikiwa jibu lake ni kosa la jinai.

Mume wangu amesoma barua hii na ameridhia niitoe, mradi jina lake lisionekane. Vidonge vilivyobaki ni vya siku kumi na nne.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa shule ya msingi