Usiikate Pini ya Ethi: Barua kwa Salehe

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Ndugu yangu Salehe,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa buheri wa afya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama amepata nafuu ya magoti na anakusalimu sana, na Bi Zuhura bado anangoja jibu lako kuhusu lile jambo. Habari nyingine za Tanga nitaziweka kando, kwa sababu ipo moja iliyonifanya nishike kalamu leo bila kungoja kesho.

Hamisi amepita hapa akitokea Bagamoyo, akanieleza kwamba hatimaye umepata oskiloskopu, ile mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ya dijitali na yenye chaneli mbili. Nilifurahi sana, maana najua ulivyoitamani. Lakini akaendelea kusimulia kwamba ulipobana klipu ya probu, yaani kebo yake ya kupimia, kwenye bodi ya pawa ya televisheni, breka iliruka, dayodi za bodi zikaungua, na fundi mmoja wa hapo jirani akakushauri ukate pini ya ethi, ile inayoiunga mashine na ardhi, kwenye plagi ya oskiloskopu ili jambo hilo lisijirudie. Hamisi anasema bado hujaamua. Salehe, nakuomba usiikate. Kama leo una kazi nyingi, lichukue ombi hilo peke yake, na maelezo utayasoma ukitulia.

Sisi tumelelewa na multimita, ambayo nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, unaweza kuzigusisha mahali popote pa saketi, kwa kuwa inatumia betri na haikuungwa na kitu kingine chochote. Oskiloskopu inayochomekwa ukutani haiko hivyo. Ile klipu ndogo inayoning'inia pembeni mwa probu imeungana na wavu wa shaba unaoizunguka kebo, wavu umeungana na shingo ya chuma ya plagi ya BNC, ile ya kuchomekea probu kwenye mashine, shingo imeungana na kasha la mashine, na kasha limeungana na pini ya ethi, ambayo kupitia soketi yako inakwenda mpaka kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini nje ya nyumba. Usiniamini mimi, chomoa oskiloskopu ukutani, weka multimita kwenye mlio, gusa klipu kwa waya mmoja na pini ya ethi kwa waya wa pili, nawe utasikia italia. Kwa hiyo kila unapoibana klipu ile mahali, mahali hapo umepaunga na ardhi.

Sasa itazame ile bodi ya pawa. Umeme wa ukutani ni volti 230 kwa hezi 50, na kilele cha wimbi lake ni kama volti 325, ndiyo maana kapasita kubwa inayohifadhi chaji, iliyo baada ya daraja la dayodi zinazounyoosha umeme huo, hukaa na volti kama 325 za mkondo mnyoofu. Mguu hasi wa kapasita hiyo huchorwa kwa alama ya gandi, yaani sifuri ya saketi, na alama hiyo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu gandi ile si ardhi. Katika nusu ya kila mzunguko wa umeme, kati ya mguu ule na waya wa laivu ipo dayodi moja tu. Ulipoibana klipu pale, umeme ulipata njia fupi kabisa: ukapita kwenye dayodi, ukaingia kwenye wavu wa kebo yako, kasha, pini ya ethi, na kwenda zake ardhini. Dayodi haikuweza kustahimili, na breka ikafanya kazi iliyowekewa.

Ukiikata pini, ni kweli kwamba breka haitaruka tena, lakini umeme ule hautakuwa umeondoka. Utakuwa umebaki kwenye kasha la oskiloskopu. Shingo za BNC, tundu la USB, skrubu za nyuma, vyote vitakuwa na umeme wa laivu huku mkono wako ukizungusha vitufe. Hata kabla ya kuibana klipu popote, mashine nyingi za aina hii zina kapasita ndogo za kuchuja kelele kati ya nyaya za umeme na kasha, na pini isipokuwepo kasha huelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani. Mkondo wake ni mdogo, utahisi mtekenyo tu, lakini unatosha kuua saketi laini unayoipima. Pini ya ethi ndiyo inayoyazuia yote hayo.

Njia sahihi ni kuitenga televisheni, na oskiloskopu ukaiacha na ethi yake. Unahitaji transfoma ya kutenganisha, ile ya volti 230 kuingia na volti 230 kutoka, yenye koili mbili zisizogusana. Televisheni inachomekwa kwenye transfoma, oskiloskopu inachomekwa ukutani. Hapo upande wa laivu wa bodi hauna tena uhusiano na ardhi, na klipu moja unaweza kuibana kwenye gandi ya upande huo bila madhara. Nimeandika moja kwa makusudi, kwa sababu klipu za chaneli zote mbili zimeungana ndani ya mashine, na ukizibana mahali pawili tofauti umezipiga shoti sehemu hizo mbili. Kumbuka pia kwamba transfoma hiyo inainyima breka ya kuvuja umeme uwezo wa kukuokoa: ukishika pointi mbili kwa wakati mmoja utapigwa vilevile. Tumia mkono mmoja, na kapasita kubwa itoe chaji kwa rezista na wala si kwa bisibisi, kisha uipime kwa multimita kabla hujagusa.

Kama transfoma haipo, zipo probu maalumu za kupimia tofauti ya volti kati ya pointi mbili, ila bei yake ni kubwa. Ipo pia njia ya kutumia chaneli mbili: ncha ya probu ya kwanza kwenye pointi moja, ncha ya pili kwenye pointi nyingine, klipu zote mbili usizibane kwenye bodi kabisa, na mashine uiambie itoe chaneli ya pili katika ya kwanza. Hiyo inakubalika iwapo probu zote ziko kwenye 10X, yaani zinaigawa volti kwa kumi, na zinastahimili volti hizo. Soma maandishi kwenye kiungo cha probu kabla ya kuamini, na ukumbuke kwamba uwezo huo hupungua masafa yanapopanda.

Hamisi alisema pia kwamba unailalamikia mashine kuwa inadanganya, kwa sababu betri ya volti 12 imeonekana kuwa na volti 120. Haidanganyi. Kwenye mpini wa probu ipo swichi ndogo yenye 1X na 10X, na ndani ya menyu ya chaneli upo mpangilio wa aina hiyohiyo, na viwili hivyo havijuani katika probu za kawaida. Swichi yako iko kwenye 1X na menyu iko kwenye 10X, basi mashine inazidisha mara kumi kitu ambacho hakikugawanywa. Vilinganishe, na betri itarudi kwenye 12.

Ushauri wangu ni kuiacha swichi kwenye 10X karibu wakati wote. Katika hali hiyo kuna rezista ya megaomu 9 kwenye ncha, nayo pamoja na megaomu 1 ya mashine inafanya megaomu 10, kwa hiyo saketi haisumbuliwi sana. Kwenye 1X kebo yote inaibebesha saketi kapasita ya takriban pikofaradi 100, na masafa inayoweza kuyaonyesha vizuri hushuka hadi megahezi chache tu, hata kama mashine yenyewe imeandikwa 100. Ukiigusa kristali ya kidhibiti kidogo, ile inayoipa chipu mapigo yake, ambayo kapasita zake huwa kama pikofaradi 20, kwa probu ya 1X, mara nyingi kristali itaacha kutetema, nawe utadhani umeipata imekufa kumbe umeiua wewe. 1X ibaki kwa mawimbi madogo sana ya taratibu.

Lakini 10X ina sharti lake, na hapa naomba usipite haraka. Kabla ya kazi, ichomeke probu kwenye chaneli ya kwanza, ncha yake uitie kwenye kile kichuma kidogo kilicho mbele ya mashine kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, na klipu uibane kwenye kichuma cha gandi kilicho kando yake. Weka maikrosekunde 200 kwa kila kisanduku cha kioo. Utaona mraba, na macho yako yaende kwenye kona zake. Kona ya mbele ikiwa imeinuka na kuchongoka kabla mstari haujashuka na kutulia, probu imezidishiwa fidia. Kona ikiwa imeviringika na mstari unapanda taratibu, imepungukiwa. Chukua bisibisi ya plastiki iliyokuja na probu, tafuta skrubu ndogo iliyofichwa kwenye kiungo cha BNC au kwenye mpini, na uizungushe kidogo sana, huku mkono ukiwa mwepesi, mpaka juu ya mraba pawe tambarare toka kona hadi kona. Bisibisi ya chuma huharibu kipimo kwa sababu chuma chenyewe kinaongeza kapasita unapokigusisha. Ukiihamishia probu ileile chaneli ya pili, rudia, kwa sababu chaneli hazilingani sawasawa. Mtu asiyefanya hivi atapima kilele cha wimbi la transista ya swichi na kupata volti ambazo hazipo, kisha ataagiza transista nyingine bila sababu.

Jambo lingine ni urefu wa waya wa klipu. Waya ule wa sentimita 15 ni koili kwa umeme wa kasi, na pamoja na kapasita ya ncha hutetema kwenye masafa ya takriban megahezi 100 na zaidi. Ndiyo sababu ukipima mawimbi madogo kwenye tokeo la volti 12 la pawa ya swichi, ile inayokatakata umeme kwa kasi, unaona miiba mirefu na kudhani kapasita imekufa. Kwenye pakiti ya probu pamekuja kispringi kifupi cha chuma. Toa kofia ya ncha, kivishe kwenye pete iliyo nyuma ya ncha, na uguse gandi hatua ya milimita chache kutoka unapopima. Sehemu kubwa ya miiba itatoweka. Utumie kiunganishi cha AC kwenye menyu ya chaneli ili volti 12 zenyewe ziondoke na yabaki yale mawimbi madogo, na uweke kipimo kwenye milivolti. Hapo upo upande wa pili wa bodi, ambao ni baridi, yaani haukuungwa na umeme wa ukutani, lakini hakikisha kwa macho: utaona mstari au mapengo mapana yanayoigawa bodi, na opto, kile kijipande kinachopitisha ishara kwa mwanga, yenye miguu minne, miwili huku na miwili kule, imekaa katikati ya mpaka huo pamoja na transfoma. Kila kilicho upande wa kapasita kubwa ni moto, na klipu ya ethi haiendi huko bila transfoma ya kutenganisha.

Triga, inayoiambia mashine ianze kuchora wakati gani, haina ugumu. Anza na hali ya kujiendesha ili uone kitu chochote, chagua ukingo unaopanda, pandisha kiwango mpaka kiwe katikati ya wimbi, na picha itasimama. Kwa tukio linalotokea mara moja tu, kama pawa inapowashwa, tumia hali ya mara moja.

Narudi kwenye ethi, maana inanikosesha utulivu. Bagamoyo, kama huku kwetu, ardhi ya pwani ni mchanga, na mchanga ukikauka hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo fimbo iliyopigwa kijuujuu huenda isifae kitu wakati wa kiangazi. Mwite fundi mwenye kipimo cha ethi aje aipime fimbo ya nyumba yako, na usikubali aitazame tu kwa macho. Chumvi ya hewani nayo huzila klipu na shingo za BNC. Zifute kwa spiriti mara kwa mara, na probu zihifadhi ndani ya boksi lenye kifuniko.

Ninayo transfoma ya kutenganisha ya VA 500, inayotosha televisheni nyingi unazoletewa, na nimeshamwambia Hamisi aichukue atakaporudi Bagamoyo. Mpaka ifike, nakuomba usiguse upande wa moto. Jifunze kwanza kwa redio ya betri na kwa vidhibiti vya chaji ya sola, ambavyo havikuungwa na umeme wa ukutani, na inveta nazo ziache kwanza, kwa kuwa nyingine tokeo lake halikutenganishwa na betri.

Nijibu haya mapema. Mashine yako imeandikwa megahezi ngapi, na probu zimeandikwa volti ngapi za juu kwenye 10X? Je, ile plagi bado ni nzima au umeshaigusa? Soketi ya mezani ina waya wa ethi kweli nyuma yake, au tundu liko tupu? Zilizoungua ni dayodi za daraja peke yake, au na fyuzi na transista ya swichi? Na ukishaitengeneza kona ya ule mraba, unaweza kunipigia picha ya kioo unitumie, ili niitazame kabla hujaanza kupima kitu kingine?

Msalimie shemeji, Mzee Kombo na wote wa hapo.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Athumani